Taa za jukwaani kwa bendi za kumbi ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilianza kazi hii kwa kubeba spika za bendi ya dansi, nikapanda cheo hadi kukunja nyaya. Siku mtu wa taa alipotoweka na posho yake nikaambiwa, "Wewe kijana si unajua umeme? Kaa pale." Sikuwa najua. Haya yaliyo hapa nimeyajua baadaye, mengine kwa kuunguza fyuzi za watu. Maswali ni yale ninayoulizwa na viongozi wa bendi, mafundi mitambo na wenye baa, kwa maneno yao wenyewe. Ukumbi mdogo ninaousema ni ule wenye jukwaa la mita 4 hadi 6 kwa upana, dari unayoifikia kwa mpini wa ufagio, na wateja kati ya 50 na 200.

Hatuna taa hata moja. Tuanze na nini?

Anzeni na nyuso zenu. Taa 4 za LED aina ya PAR, zile za kurusha mwanga mbele, zinazoweza kutoa mwanga mweupe wenye umanjano kidogo, kama wa balbu za zamani. Stendi 2 zenye upau wa juu. Nyaya za kutosha. Basi. Stendi moja kushoto na nyingine kulia, mbele ya jukwaa, taa 2 kwa kila stendi.

Najua siyo mliyotaka kusikia. Kila bendi inayonipigia simu inataka taa zinazozunguka, kwa sababu ndizo ilizoziona kwenye harusi ya juzi. Lakini mteja aliyelipa kiingilio anataka kumwona mwimbaji anapofumba macho na kulitafuna neno. Niliwahi kukaa kwenye baa moja ya Sinza, bendi inapiga, taa 6 nyuma yao zinachora maua ukutani, na mwimbaji, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, ni kivuli tu kilichoshika maiki. Watu walipiga picha za maua.

Ukumbi una taa zake. Hazitoshi?

Mara nyingi ni tyubulaiti na lile tufe la vioo. Tyubulaiti humulika kila kitu sawasawa: mwimbaji, friji ya soda, mhudumu anayehesabu chenji. Ongeeni na mwenye ukumbi kwa adabu azime zilizo juu ya jukwaa na juu ya safu ya kwanza ya meza. Za kaunta na za njia ya kutokea aziache. Mkimzimia zote, wahudumu watakosea bili na mtaanza kuchukiwa kabla ya wimbo wa pili.

PAR 64, PAR 56, PAR 38: namba hizi ni za nini?

PAR ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayoeleza kioo kilichopindwa nyuma ya balbu ili kurusha mwanga mbele. Namba ni kipenyo cha balbu kikihesabiwa kwa sehemu za nane za inchi: 64 ni inchi 8, 56 ni inchi 7, na 38 haifiki inchi 5. Taa za LED hazina tena balbu hiyo, ila jina limebaki, kama tunavyoendelea kuita kanda wimbo ulio kwenye simu. Kwa hiyo PAR 64 ya LED si lazima iwe na nguvu kuliko PAR 56. Kilichozidi huenda ni bati.

LED au zile za zamani za halojeni?

LED, na sababu ya kwanza ni hesabu. Umeme wetu ni wa volti 230, na plagi ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13, yaani kama wati 3,000. Taa 4 za zamani za wati 1,000 zinataka zaidi ya ampea 17. Hapo hamjachomeka hata miksa. Taa 8 za LED zinazokula wati 60 kila moja ni wati 480, ampea 2 na kidogo. Pasi ya nguo inakula zaidi ya hapo.

Sababu ya pili ni joto. Kumbi nyingi za Pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Paje, zimeezekwa makuti. Kufunga taa ya halojeni ya wati 1,000 chini ya makuti makavu ni kuchezea moto, na hapo sisemi kwa mafumbo.

Halojeni nayo nisiidhulumu. Katika LED za bei tunayoimudu, sijaona inayoupendezesha uso kama balbu ile. Mwanga wake, ulio karibu na kelvini 3,200 (kipimo cha rangi ya mwanga), una rangi zote ndani yake, na ukiufifisha unashuka taratibu kuelekea wekundu kama jua la saa kumi na mbili jioni. Mkipewa 2 za wati 500 bure, chukueni, mzitumie mbele kwenye ukumbi wenye dari ya zege.

Vijana huniuliza kwa nini wazee hawakutumia LED. Hazikuwepo za kutosha. Nyekundu na kijani zilikuwa za zamani, lakini buluu yenye mwanga wa maana ilipatikana Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bila buluu huwezi kupata nyeupe. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa sababu hiyo.

Boksi limeandikwa 54×3W. Ina maana ni wati 162?

Karibu kila mara, hapana. Hizo ni punje 54 za LED, kila moja inayoweza kubeba wati 3. Ndani ya taa hupewa umeme pungufu, maana bati jembamba na feni ya bei nafuu haviwezi kutoa joto la wati zote hizo. Soma kibati cha nyuma kinachoonyesha matumizi halisi, kisha usikiamini nacho.

Ukiwa Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa ndugu zetu wa Nairobi, nenda na kile kipima wati kinachochomekwa kati ya soketi na plagi. Mwambie muuzaji awashe rangi zote kwa pamoja hadi mwisho, usome namba. Akianza kusema "bosi, hii ni orijino", mjibu kwa upole kwamba hata orijino hupimwa. Halafu iache iwake dakika 20 huku mnaongea habari za mpira. Shika bati lake. Sikiliza feni: inayolia kama mbu dukani italia kama nzi ukumbini, na kwenye taarabu, udi na ganuni vikinyamaza, kila mtu ataisikia.

Mambo mawili mengine kabla ya kulipa. Weka mkono kati ya taa na ukuta mweupe, ukiwa umewasha rangi zote. Ukiona vivuli vya rangi tatu tatu, punje zake zimetenganishwa: nyekundu yake, kijani yake, buluu yake. Taa hiyo inafaa kupaka ukuta, lakini usoni inaleta madoa kuzunguka pua. Zile ambazo rangi zote zimo ndani ya punje moja zina kivuli kimoja safi. Kisha ififishe pole pole kutoka juu hadi sifuri. Nyingi zinashuka vizuri mpaka karibu na mwisho, halafu zinajikwaa ngazini. Wimbo wa taratibu ukiisha kwa kujikwaa huko, inaonekana kama umeme umekatika.

Nunua zote 4 dukani humo humo, siku hiyo hiyo. Nyeupe ya mzigo wa Machi na nyeupe ya mzigo wa Agosti hazifanani, hata boksi likiwa lile lile.

RGB, RGBW, RGBWA: tuchukue ipi kwa mbele?

Herufi zinataja punje zilizomo: R ni nyekundu, G kijani, B buluu, W nyeupe, A kaharabu, yaani manjano inayokaribia chungwa. RGB tupu hutengeneza nyeupe kwa kuchanganya zile tatu, na nyeupe hiyo ina shimo katikati. Pale panapopaswa kuwa na manjano na kaharabu hakuna kitu, na ngozi ya binadamu inang'ara hapo hapo. Ndiyo maana mwimbaji aliyepaka mafuta vizuri kabisa anaonekana kapauka kama katoka kupiga lami.

Kwa mbele chukueni yenye W ya umanjano, au A, au zote mbili. Kwa nyuma RGB ya kawaida inatosha, maana kazi yake ni ukuta na migongo. Ile UV inayofanya mashati meupe yang'ae gizani ni ya kufurahisha kwa wimbo mmoja. Msiiongezee pesa.

Rangi gani zinatupendeza sisi wenye ngozi nyeusi?

Hili ndilo ningependa liulizwe kabla ya yote, maana vitabu vingi vya taa vimeandikwa kwa nyuso nyingine.

Ngozi nyeusi inarudisha mwanga kidogo, lakini inaakisi. Paji la uso, mashavu, ncha ya pua na mabega, hasa yakishalowa jasho, huonyesha umbo la chanzo cha mwanga kama meza iliyopigwa vanishi. Mtu asiyejua huongeza nguvu ya taa za mbele. Anachopata ni doa jeupe kwenye paji na macho yaliyobaki gizani. Dawa ni kuuleta mwanga kutoka pembeni. Taa ya mbele itoke upande, nusu njia kati ya mbele kabisa na ubavuni, na nyingine itoke nyuma ichore ukingo wa kichwa na mabega. Huo ukingo ndio unaomtenga mwimbaji na ukuta mweusi. Bila huo, kichwa na pazia vinakuwa kitu kimoja.

Kwa rangi: kaharabu, waridi na zambarau iliyopauka ni marafiki. Kaharabu inatoa wekundu uliomo kwenye ngozi, zambarau iliyopauka inatoa ung'aavu wake. Buluu ni nzuri nyuma, na kwa wimbo wa msiba wa mapenzi inaweza kutawala, lakini uso ulio kwenye buluu peke yake hauna pua wala mdomo. Ongeza kaharabu kidogo mbele, kama asilimia 30, na mtu anarudi. Nyekundu macho yanaivumilia, simu haiivumilii: kwenye video uso unakuwa kipande kimoja cha rangi. Kijani usoni, kamwe. Kijani kina mahali pake nyuma, kwenye pazia au majani ya bustani. Usoni kinamfanya mtu aonekane ameondoka wodini bila ruhusa.

Bendi nyingi zina watu wa rangi mbalimbali wamesimama bega kwa bega, mmoja maji ya kunde, mwenzake mweusi tii. Msiwape mwanga sawa. Mwelekezeni mweusi kiini cha mwanga, yaani katikati ya duara, na mwenzake mwachieni ukingo wake. Ni suala la kugeuza taa kidogo, dakika mbili za kazi, na picha ya pamoja inamwonyesha kila mtu.

Na sare. Shati jeupe pee chini ya uso mweusi ni adui wa simu: simu inapima shati, inapunguza mwanga, uso unazama. Mwambieni fundi cherehani krimu, au rangi ya udongo, au kitenge. Nimewahi kuyaokoa maonyesho ya bendi moja kwa kuwashauri wavue makoti meupe tu.

Tuziweke wapi hasa, na juu kiasi gani?

Juu kiasi cha mwanga kushuka usoni kwa mteremko wa nyuzi 45. Kwenye dari fupi mtaishia nyuzi 30, si dhambi. Ukiiweka sawa na macho, mwimbaji anapofuka na kivuli chake kinamcheza mpiga drams aliye nyuma. Ukiilaza sakafuni ikimwangalia kidevu, mnakuwa mnapiga filamu ya mizimu. Kofia ya pama inabadilisha yote haya. Mwenye kofia asogeze nyuma ukingo wake au ashushiwe taa.

Umbali una ukali wake. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unabaki robo, siyo nusu. Kwa hiyo msiifunge taa ukuta wa mwisho wa ukumbi kwa sababu tu kuna msumari.

Soma pia upana wa mwanga kwenye maelezo ya taa. Kwa umbali wa mita 4, taa ya nyuzi 25 inafanya duara la karibu mita 1.8, linalomtosha mtu mmoja na gita lake. Ya nyuzi 40 inafika karibu mita 2.9. Kwa jukwaa la mita 5 napendelea za nyuzi 40 mbele, zikipishana: stendi ya kushoto inamulika watu wa kulia, na ya kulia wa kushoto. Uso unapata mteremko ule wa pembeni niliousema, na mwanga wa ziada unaishia nje ya jukwaa, hauangukii ukutani.

Mkishapata pesa ya awamu ya pili, nunueni 2 za kulaza nyuma ya drams zikitazama juu, kwenye visogo. Hakikisheni hazimchomi macho mteja wa meza ya kwanza. Na moja ya pembeni kwa ajili ya mpiga drams na mpiga tumba, maana nao wana mama zao wanaoomba picha.

Watu wakija kutunza wanaziba mwanga. Tufanyeje?

Shukuruni kwanza. Halafu sogezeni mwanga. Kosa la mafundi wengi ni kuumalizia mwanga kwenye ukingo wa jukwaa, kama vile hakuna kitu mbele yake. Kwetu kipo: yule mama wa taarabu anayekuja akicheza, noti mkononi, kavalia hasa kwa ajili ya hatua zile tano. Mwanga ushuke hadi hatua 2 au 3 mbele ya jukwaa, wa kaharabu, usiomchoma. Aonekane na wenzake, na aliyekusudia kumpiga kijembe kwa noti ile amwone pia. Mtu akitunza gizani mara moja, harudi tena.

Stendi zisikae kwenye njia yao. Nyaya zipite ukutani, au zilazwe chini na kubandikwa kwa tepu ya kitambaa kwa urefu wote, siyo vipande vipande. Gauni la dira linakamata popote.

Kwa nini video za simu zinaonyesha mistari inayotembea?

LED nyingi hazipunguzi mwanga kwa kupunguza umeme. Zinauwasha na kuuzima upesi sana, na kadiri zinavyozimwa kwa muda mrefu zaidi ndivyo jicho linavyoona mwanga hafifu. Jicho linadanganyika, simu haidanganyiki. Taa za bei ya chini hufanya hivyo mara mia kadhaa kwa sekunde, na kamera inaziona kama mistari. Nzuri hufanya hivyo mara maelfu kwa sekunde.

Kipimo chake ni cha bure: dukani, fifisha taa hadi nusu, piga video, kisha piga nyingine kwa mwendo wa polepole. Kama tayari mmeshanunua zenye mistari, taa za mbele ziachwe zikiwaka asilimia 100 kila wakati, maana hapo nyingi haziwashwi na kuzimwa tena. Mkiona mwanga umezidi, rudisheni stendi nyuma au zimeni moja kabisa. Anayepiga video kwa kamera yenye marekebisho ya mkono aweke kasi ya 1/50, iendane na umeme wetu wa hezi 50.

Soketi moja ya ukutani inatosha? Na jenereta je?

Kwa taa 8 za LED inatosha, ila isiwe ile ya mitambo ya sauti. Jumlisha wati, gawa kwa 230, upate ampea. Ukivuka 10, tafuta soketi nyingine, na uhakikishe haitoki kwenye waya ule ule. Mwulize mwenye ukumbi friji zake ziko wapi. Ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu ifunguliwe yote hata kama unahitaji mita 3, kwani ikibaki imekunjwa huku inabeba mzigo inapika plastiki yake yenyewe.

Jenereta iwashwe kwanza, itulie, ndipo taa zichomekwe. Kuzima ni kinyume: taa kwanza, mashine mwisho. Kwenye harusi moja ya bustanini mwenye jenereta aliiacha imalize petroli ikiwa na mzigo. Ilikohoa, volti zikapanda na kushuka, taa zetu 3 hazikuwaka tena. Kama mnakodi, ulizeni yenye kidhibiti volti kinachofanya kazi, au ya inveta. Na muwe na tochi ya kichwani, kila mmoja na yake. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, anayekimbilia bureka gizani ndiye anayeangusha spika.

Tukiwasha taa, magita yanavuma.

Dima za taa za halojeni, yaani vifaa vya kufifisha mwanga, hukatakata umeme, na kelele hiyo inaingia kwenye gita. Tenganisheni soketi za taa na za sauti. Waya wa gita na waya wa umeme zisilale pamoja kama ndugu, zikikutana zipishane kama msalaba. Mpiga solo asogee mita moja kutoka kwenye dima au ageuke robo. Mara nyingi mvumo unapungua hapo hapo.

Kuna fundi atakayewaambia mkate pini ya ardhi ya plagi, mvumo utakwisha. Ni kweli, unaweza kwisha. Siku bati la taa litakapoguswa na waya wa moto, umeme utatafuta njia nyingine, na njia hiyo ni mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma na jasho mkononi. Msikate.

DMX ni kitu gani, na kwa nini taa yangu inafanya ya mwenzake?

Ni lugha ambayo meza ya taa hutumia kuziamrisha taa. Ilitungwa Marekani mwaka 1986 ili vifaa vya makampuni tofauti vielewane, na mstari mmoja unabeba chaneli 512, yaani njia za amri. Taa yenye chaneli 7 inakula 7 zinazofuatana: ya kwanza ipewe anwani 1, yaani namba ya chaneli yake ya kwanza, ya pili 8, ya tatu 15, ya nne 22. Taa zikifanya kitu kimoja ilhali hukutaka, zimepewa anwani moja. Moja ikifanya mambo ya ajabu, nyekundu ukiomba buluu, anwani zimepandiana au imewekwa kwenye hali ya chaneli tofauti na wenzake. Angalia skrini ya nyuma kabla ya kulaumu meza.

Nyaya hupita taa hadi taa kama mnyororo, hazigawanywi kwa plagi ya matawi. Mwisho wa mnyororo chomeka kile kiziba chenye ukinzani wa omu 120. Unaweza kukitengeneza mwenyewe kwa kuunganisha kikinza cha omu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3.

Waya wa maiki? Plagi inaingia, na kwa mita 5 na taa 4 mara nyingi itafanya kazi. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na itakuangusha siku ya mnyororo mrefu: taa ya mwisho itaanza kupepesa kama ina kifafa. Ila nyaya za DMX zikiwa zimenunuliwa, zifungeni utepe wa rangi, maana fundi mitambo akikosa waya wa maiki atawachukulia hizo hizo.

Zile zinazogeuza shingo, na leza?

Zinazogeuka zinataka nafasi ya mwanga kusafiri, na kwenye dari ya mita 3 mwanga wake unaishia kwenye meza ya mtu. Mbili zikiwekwa nyuma zinaweza kupendeza, baada ya nyuso. Leza siitumii kwenye kumbi ndogo hata kidogo. Inaweza kuumiza jicho, na inaua kamera za simu. Taa ya kumweka, ile inayowaka na kuzimika kama radi, iende taratibu, isizidi mara 4 kwa sekunde, na kwa sekunde chache, kwa sababu kuna watu wanaopata degedege kwa mwanga huo.

Moshi unahitajika?

Bila chembe hewani huoni miale, unaona tu panapoangukia. Kwa ukumbi mdogo napenda mashine ya ukungu kuliko ya moshi: ukungu unasambaa mwembamba na kukaa, moshi unatoka kwa mafungu na kumkohoza mwimbaji. Uliza kwanza kama kuna vitambua moshi, hasa hotelini. Mlinzi akikimbia na mtungi wa zimamoto, wimbo umeharibika.

Tunapiga bustanini na ufukweni.

Tafuta maandishi IP65 kwenye taa. IP20 ni ya ndani tu, mvua moja ya masika inaimaliza. Hewa ya bahari inakula skrubu na soketi hata pasipo mvua, basi baada ya onyesho la ufukweni futa kila taa kwa kitambaa chenye unyevu, ikauke, ndipo iingie boksi. Wadudu nao wanapenda nyeupe na buluu. Kaharabu hawaijali sana, na mwimbaji hatameza kumbikumbi.

Kufunga taa darini kuna hatari?

Kila taa iliyo juu ya kichwa cha mtu iwe na kamba ya chuma ya pili, zaidi ya kibano chake. Taa ya kilo 3 ikidondoka kutoka mita 3 haiulizi umri. Msifunge kwenye bomba la maji wala kwenye waya wa dari ya jipsamu. Stendi nayo ifunguliwe miguu yote na iwekewe mfuko wa mchanga. Mchanga ni bure, mfuko ni wa unga.

Hatuna mtu wa taa. Nani abonyeze?

Ile hali ya taa kujiendesha kwa kusikia muziki muizime. Inafuata besi, inabadili rangi kila pigo, na baada ya nyimbo tatu wateja wanaumwa kichwa bila kujua kwa nini.

Wimbo wa dansi una sehemu mbili kubwa: mashairi, ambapo waimbaji wamepanga mstari na watu wanasikiliza, na sebene, ambapo magita yanachukua na wanenguaji wanaingia. Tengenezeni mandhari mbili tu kwenye meza ya taa. Ya kwanza ni nyuso kwa kaharabu, nyuma buluu. Ya pili ni nyuma kuwaka rangi kali, mbele ikibaki hivyo hivyo. Pedali ya mguu inabadilisha kati ya hizo mbili. Mpiga drams miguu yake ina kazi, mpiga solo ana pedali zake, mwimbaji atasahau.

Kwenye bendi ninayofanya nayo kazi sasa, nikiwa sipo, anakanyaga mpiga tumba. Anapiga amesimama, mguu wake mmoja hauna shughuli. Mandhari inabadilika nukta moja kabla ya gita kuingia, siyo baada, nami nikamwuliza, "Kaka, unahesabu?" Akasema hahesabu. Mpiga solo akikaribia kuingia huwa anauma mdomo wa chini, na tangu tumwekee taa ile ya pembeni anamwona.